Namna ya Kumtambua Mtu Aliyejigandisha

Wadogo zangu, mimi nimestaafu.

Musicheke. Najua bado navaa sare ya shule, na juzi tu mwalimu wa hesabu amenitoa nje kwa sababu nilimwuliza kama huyo x anayetafutwa tangu Septemba hana ndugu zake wa kumtafuta. Lakini kuna kazi nimeifanya mpaka mkono ukafa ganzi, na sasa siifanyi tena. Mtu wa namna hiyo anaitwa mustaafu. Ana haki ya kukalia kiti cha plastiki mbele ya nyumba, hapa Keshero, kunyoosha miguu juu ya mawe yetu meusi na kuwachosha watoto kwa mawaidha. Basi nyamazeni, niwachoshe.

Kazi yenyewe ilikuwa kushika simu.

Wewe huko nyuma unacheka kwamba hiyo si kazi. Ngoja. Ngoja koko yako, mama wa mama yako, alazwe hospitali, na watoto wake, mmoja yuko Kanada, mwingine Butembo, mwingine hapa Goma, na wote wanapaswa kumuona na kuamua jambo. Watahitaji mtu wa kushika simu. Hawatatafuta mwenye hekima, watatafuta mwenye mikono. Utasikia: "Fulani, weye hauna kazi, kuya ushike simu." Siku hiyo utanikumbuka.

Kwa hiyo sikilizeni ufundi. Simu inashikwa kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa kwenye mbavu. Usiinyooshe mbele kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari, utachoka kabla hawajamaliza kusalimiana, na kwetu kusalimiana peke yake ni kikao kizima. Usimpige mgonjwa picha kutoka chini. Kutoka chini binadamu ni matundu ya pua tu, hata malkia. Na usiweke dirisha nyuma ya mgonjwa. Mimi nililiweka siku ya kwanza, Koko akatokea kivuli cheusi kitupu, na tonton Paluku, mjomba wangu wa Kanada, akaanza kulia, "Mungu wangu, mama amekuwa mweusi hivi!" Koko akiwa anakunywa chai.

Halafu kidole gumba. Siku moja tonton Paluku alisema tuombe. Akaomba kwa Kifaransa, akaomba kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinande, macho amefumba, jasho linamtoka. Alipofumbua akauliza kwa nini kuna giza. Gumba langu lilikuwa limeziba kamera tangu "Baba wa mbinguni". Sala yote ile ya uponyaji ilienda kwenye kidole changu. Na niwaambie, hiki hapa, kitazameni, hakijawahi kuumwa tena.

Koko alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo.

Sasa niwajulishe watu, musipotee. Koko, mama yake na mama yangu, alikuwa na watoto watatu. Kwetu Wanande mtoto anapewa jina la zamu yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku, apende asipende. Wa pili ni Kambale. Msichana wa kwanza ni Masika, na huyo ndiye mama yangu. Ni jina linalokutangaza: ukisema Paluku mahali, watu wanajua huyu ndiye anayengojewa kusema. Mama yangu ndiye aliyetangulia kuzaliwa kuliko wote. Alimbeba Paluku mgongoni. Lakini aliyengojewa kusema ni yule aliyebebwa.

Koko mwenyewe aliuza maharage. Alianza Butembo, akaja nayo Goma, akayauza sokoni mpaka mgongo ukakataa. Vyote ninavyojua vya kazi yangu vimetoka kwake, ingawa hakuwahi kushika simu isipokuwa kuipangusa vumbi. Alikuwa ananiweka kando ya gunia, mteja anakuja anasema, "Mama, yako ni ghali, kule mbele wananipa kwa bei ya chini." Koko anamtazama, anamwambia, "Nenda kule mbele, papa." Na yule mtu haendi. Nilimwuliza alijuaje anadanganya.

"Macho ya mutu yamesoma," alinijibu. "Yanajua kudanganya. Miguu yake ndiyo haikusoma. Miguu ya huyu ilikuwa inaangalia gunia langu."

Kumbukeni miguu. Tutairudia.

Ugonjwa ulikuwa wa tumbo. Walimpasua, wakaangalia, wakamfunga. Hivyo tu. Munganga, daktari wake, alimwita mama kwenye korido, mimi nikiwa nyuma na simu, na akasema maneno ambayo sikuyapenda lakini sikuona uongo ndani yake. Alisema ugonjwa umekaa kila mahali. Alisema anaweza kumweka Koko pale na mpira puani na serumu mkononi, siku zitakwenda, lakini zitakuwa siku za mpira na serumu. Au tumrudishe nyumbani na dawa ya maumivu, na muuguzi awe anapita. Safari ya mbali hakuishauri. Mwili hautafika.

"Mimi sichagui," alisema. "Mutazungumza na ndugu zenu. Lakini muniletee sauti moja. Leo mutu anasema muache, kesho mwingine ananipigia simu anasema muliniulia mama? Hapana. Sauti moja."

Sauti moja! Familia yetu haijawahi kuwa na sauti moja hata kwenye wimbo wa Noeli.

Na hapo kuna kitu cha kwetu inabidi mukijue. Mtu akifa, kwenye matanga wazee wanauliza, "Nani alitoa neno?" Nani alisema apasuliwe, nani alisema asipasuliwe, nani alisema atoke. Hawaulizi kwa ubaya. Wanauliza tu. Lakini jibu linakaa na wewe maisha yako yote. Watoto wako wataolewa, na watu watakuwa bado wanasema: huyu ni wa yule aliyetoa neno. Ndiyo sababu kila mtu katika ukoo wetu ana maoni, na hakuna mwenye neno.

Koko neno lake alikuwa nalo. Kabla hawajamwekea mpira, alimwambia mama mbele yangu, bila kulia, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Masika, hapa kunanuka dawa. Munirudishe mahali kunanuka maharage."

"Mama, tungoje kidogo, tuongee na Paluku."

"Ongea naye. Lakini miye nimesema."

Basi tukaanza kuongea na Paluku. Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Baada ya shule nilikuwa natoka moja kwa moja na begi langu kwenda hospitali, nanunua mega za intaneti, nasimama kwenye dirisha la mwisho ambako rezo, yaani mtandao, ilikuwa inapenda kukaa, nawaunganisha wote watatu. Wauguzi waliniita Kameramani. Skrini ilikuwa na vyumba vyake: juu tonton Paluku na koti lake la baridi, nyuma yake pazia jeupe lenye maua ya buluu. Chini tonton Kambale wa Butembo, mfanyabiashara, nyuma yake malori na wapakiaji wakitukanana. Na pembeni sisi: mama, kitanda, Koko.

Tonton Kambale hakuweza kuja. Barabara munaijua, vita imeikata. Tonton Paluku alisema hawezi kuja kwa sababu uwanja wa ndege wa Goma umefungwa. Ni kweli umefungwa. Wa Kigali, ng'ambo tu ya mpaka, haujafungwa, lakini hilo hakuna aliyelisema, na mimi nilikuwa mshika simu tu, na simu haina maoni.

Simsemi kwamba hakumpenda mama yake. Alikuwa ananipigia mimi peke yangu, mara nyingi nikiwa njiani. "Kavira, amekula?" "Amekunywa uji kidogo, tonton." "Uji wa nini?" "Wa soja." "Sukari muliweka?" Angeweza kuniuliza uji mpaka mega ziishe. Uji hauhitaji neno.

Mama alipoleta maneno ya munganga, tonton Kambale alijibu haraka, akimwita yaya kama tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa:

"Yaya Masika, mimi ni Kambale. Neno ni ya Paluku. Paluku akisema tupite kulia, mimi ni kulia."

"Na ukiulizwa weye?"

"Nani ataniuliza mimi? Mimi ni wa pili, bana."

Halafu akazima sauti yake, malori yakanyamaza, akawa anatutazama tu kama mtu anayetazama mechi.

Tonton Paluku alisema tungojee, anawasiliana na mtu. Kesho yake anawasiliana na mtu. Kesho kutwa yake mtu amesafiri. Koko anazidi kukonda, sauti imekwisha kwa ule mpira, amebaki na nyusi. Munajua kwetu: nyusi zikipanda ni ndiyo, ulimi ukigonga, nts, ni hapana. Kwa nyusi na ulimi Koko aliendesha wodi nzima. Alimfukuza hata mchungaji mmoja aliyekuja kuombea wagonjwa kwa kelele. Nts. Yule mtu akaenda kuombea kitanda kingine.

Sasa somo lenyewe, kichwa cha habari.

Rezo ikikatika kweli, kila kitu kinaganda pamoja. Uso unaganda, ukuta unaganda, taa inaganda. Mara nyingine picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakuwa ya bata. Mtu wa kweli akiganda anaganda vibaya: jicho moja limefungwa, mdomo umepinda, anafanana na kitambulisho chake. Hakuna aliyewahi kuganda kweli akiwa mzuri.

Lakini mtu akijigandisha mwenyewe, anaganda yeye tu. Chumba hakigandi.

Nilijifunza hilo mchana mmoja wa Jumamosi. Mama alikuwa amechoka kungoja mtu wa kuwasiliana. Alisema, "Paluku, Kambale, leo musikie kwa mama yenyewe. Kavira, leta simu karibu." Nikaileta, viwiko kwenye mbavu, mwanga safi, gumba mbali. Mama akainama.

"Mama, unataka tukurudishe nyumbani?"

Koko alinyanyua nyusi. Hakuzinyanyua kidogo. Zilipanda mpaka zikaingia chini ya kitambaa cha kichwa, na akaziacha huko juu, anatazama kamera, anamtazama mwanawe. Hata kipofu angeisikia ile ndiyo.

Tonton Paluku alikuwa ameanza kuinua mkono kujikuna sikio. Mkono ukabaki hewani. Mdomo nusu wazi. Macho wima.

"Yaya?" Kambale akafungua sauti, malori yakarudi. "Yaya Paluku? Ah, ameganda. Hata rezo ya Kanada, bana!"

Niliangalia kama Koko alivyonifunza. Sikuangalia macho, niliangalia miguu. Miguu hakuwa nayo kwenye skrini, lakini nyuma yake kulikuwa na pazia. Na lile pazia lilikuwa linapumua. Chini ya dirisha lake kuna mashini ya joto, inapuliza, na maua ya buluu yalikuwa yanapanda na kushuka polepole, yanapanda na kushuka. Mtu mzima mwenye ndevu amesimamisha mkono hewani kama sanamu, na maua yanamcheka mgongoni.

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama pazia.

Nilingoja aseme. Mimi ningesema. Ningesema, "Tonton, sanamu yako inatoka jasho." Mama alivuta pumzi, akasema:

"Ndiyo. Ameganda."

Mkono wa tonton ukashuka ghafla. "Allô? Allô? Munanisikia? Mulinikatikia. Mulikuwa munasema nini?"

"Tulikuwa tunasema kesho," mama akamjibu.

Walipokata nilibaki peke yangu na Koko, mama amekwenda kufua. Nyusi zake zilikuwa zimeshuka zenyewe, zimechoka. Nikamwuliza, "Koko, uliona?" Akanyanyua moja tu. Halafu akanivuta shati, nikaweka sikio, na akasema kwa ile sauti iliyobaki, ya mchanga:

"Alikuwa anafanya vile akiwa mutoto. Nikimutuma maji, analala kwa nguvu, anafunga macho. Kope zinacheza."

"Ukamchapa?"

Nts.

"Nikamutuma Masika."

Akageukia ukuta. Hapo wadogo zangu sikuwa na utani. Niliutafuta nikakosa.

Baada ya siku ile tonton Paluku aliganda mara nyingi. Aliganda kwenye "nyumbani", aliganda kwenye "munganga anangoja", aliganda mama alipolia. Kwenye uji hakuganda hata mara moja. Nikawa bingwa wa pazia lake. Nilijua na mishono yake. Na kila mara mama alimtetea: rezo, ni rezo, rezo ya siku hizi. Nilimwuliza nje, kwenye bomba la kufulia, kwa nini hamwambii.

"Nikimwambia ataona aibu," alisema, anakamua shuka. "Akiona aibu hatapiga tena. Na mama anapenda kumuona."

"Lakini weye ndiwe mukubwa, mama. Toa neno."

"Mimi ni Masika."

Alisema jina lake kama mtu anavyosema "mlango umefungwa".

Siku ya mwisho ya hospitali tonton alitokea amefurahi, amevaa shati badala ya koti. Amempata yule mtu! Kuna hospitali Kampala, kuna gari la wagonjwa la kumfuata, kuna munganga rafiki wa rafiki. Alizungumza, akazungumza. Tonton Kambale akasema, "Ile ni muzuri, yaya." Mama alikumbusha kwamba mwili hautafika. Tonton akamwambia, "Yaya Masika, weye umekata tamaa. Miye sijakata. Kavira, nipelekee mama."

Nikampelekea.

"Mama," alisema, na alikuwa na machozi kweli, sitawadanganya. "Mama, vumilia. Tunakupeleka Kampala. Utapona. Unakubali?"

Koko alimtazama mtoto wake wa kiume wa kwanza. Alimtazama vizuri, kutoka paji mpaka kidevu, kama anayepima kilo. Halafu akafungua mdomo nusu, akainua mkono mmoja kidogo juu ya blanketi. Akabaki hivyo.

Hakupepesa. Nyusi hazikupanda, ulimi haukugonga.

"Mama?" Tonton akasogelea skrini. "Mama? Kavira, ameganda? Rezo iko?"

Mtu mgonjwa akikaa vile unafikiri lile jingine. Nikatafuta miguu. Nyuma ya kichwa cha Koko ilining'inia chupa ya serumu, yote ndani ya picha, mwanga safi kabisa, maana nilikuwa fundi. Tone likashuka. Tone. Tone.

Koko alikuwa amejigandisha. Mama mzima wa watoto watatu, mwuza maharage, yuko kwenye kitanda cha kufia, anamfanyia mwanawe mchezo wake mwenyewe.

Nikaangalia skrini, nikamuona tonton. Macho yake yaliondoka usoni pa mama yake, yakapanda taratibu, yakafika kwenye chupa. Yakakaa pale. Yakashuka na tone moja, yakapanda tena. Alielewa. Naujua ule uso kuliko uso wa mkuu wa shule yetu, na ninawaambia alielewa kila kitu, na alielewa kwamba mama yake anajua tangu zamani, tangu enzi za maji.

"Rezo iko mubaya," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nitapiga kesho."

Akakata. Kambale akakata nyuma yake.

Koko akafunga mdomo na kushusha mkono. Akamtazama mama, akanyanyua nyusi.

Mama alisimama, akajifunga vizuri kitenge, akaniambia, "Chunga koko," akatoka kwenye korido. Nilimsikia akimwambia munganga, wala hakupandisha sauti: "Ulitaka sauti moja. Ni hii."

Tulimrudisha kwa gari la jirani, polepole, mama amemshika kichwa ili mawe ya barabara yetu yasimpige. Tukamlaza chumba cha nyuma, kilicho karibu na jikoni, mlango wazi. Mama akainjika maharage. Koko hakula hata punje, hakuweza, lakini kila sufuria ilipoanza kuchemka alikuwa anageuza uso upande wa mlango. Muuguzi alipita na dawa ya maumivu. Mimi nilisimulia upuuzi wa darasani na yeye akanijibu kwa nyusi. Tonton Paluku alipiga, akaambiwa Koko yuko nyumbani, akauliza kama anakula. Hakuuliza nani alimtoa. Alipomuona kitandani kwake alisema tu, "Mama, chumba chako kiko safi," na Koko akampandishia nyusi.

Alifariki asubuhi moja tulivu, mama amemshika mkono, dawa imefanya kazi yake. Maharage yaliungua siku ile. Hakuna aliyeyakumbuka mpaka moshi ulipotukumbusha.

Halafu matanga. Turubai la shitingi limefungwa uani, viti vya kukodi, ukoo wote wa Goma na wa Kibati. Na mimi kazini: nimesimama mbele, simu juu, sauti imeunganishwa kwenye baflo, spika ile kubwa, ili wajomba wa mbali wasikike. Mzee wa ukoo alisimama na fimbo yake, akaomboleza ipasavyo, akafika pale ninyi munapopajua.

"Tuulize basi. Mama yetu alikuwa hospitali. Nani alitoa neno atoke?"

Baflo ikakoroma. Tonton Paluku, koti jeusi, pazia nyuma.

"Muzee, mimi ni Paluku wa nyumba ile." Alikuwa analia. "Mimi sikuambiwa kitu. Mimi nilikuwa nimeshatafuta hospitali Kampala. Kila kitu kilikuwa tayari. Nikapiga simu, nikaambiwa mama ametolewa."

"Kambale?"

"Mimi pia nilisikia nyuma, akiwa ametoka, muzee," akasema Butembo. "Kama yaya alivyosema."

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooka, kitambaa kichwani. Akasema:

"Ni miye."

Nyuma yangu mwanamke mmoja, tena mwimbaji wa kanisa, akamnong'oneza mwenzake, na kwa bahati mbaya nina masikio mazuri: "Alichoka kumuosha."

Wadogo zangu, simu haina maoni. Nilikuwa nimeishika kanuni ile tangu mwanzo. Lakini mdomo ulikuwa wangu.

"Tonton," nikasema, karibu na maikrofoni, kwa adabu yote. "Siku ile serumu ilikuwa inadondoka."

Watu walitazamana. Hawakuelewa kitu: mtoto amechanganyikiwa na msiba. Mmoja tu alielewa. Mkono wake ulikuwa unapangusa machozi, ukasimama shavuni. Mdomo nusu wazi.

"Ameganda," mzee wa ukoo akasema. "Rezo imekatika. Tuendelee."

Na maua ya buluu yanapanda na kushuka, mbele ya ukoo mzima.

Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka, jambo ambalo mfiwa hafanyi, akanijia, akaitoa simu mikononi mwangu. Sikupigwa. Alisema tu, taratibu, "Inatosha, Kavira." Sasa munajua: hii ya kustaafu ni heshima niliyojipa. Nilifukuzwa.

Lile neno limekaa na mama kama nilivyowaambia. Kwenye kikundi cha kanisa hawampi tena zamu ya kutembelea wagonjwa. Sokoni anasalimiwa vizuri mno.

Tonton Paluku anapiga kila Jumapili baada ya misa. Hanipigii mimi, anampigia mama. Na mama anapokea, hakatai. Kwanza anaepua sufuria ya maharage kutoka jikoni, anaifunika, anaipeleka nje, mvuke usionekane. Anafunga pazia la dirisha kwa vibanio vya nguo, juu na chini. Anaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, hahitaji mtu wa kushika. Anakaa, anaweka mikono mapajani.

"Yaya Masika," tonton anaanza. "Yaya, nilitaka kusema kuhusu ile siku..."

Mama anafungua mdomo nusu.

"Yaya? Yaya, unanisikia? Rezo?"

Mimi nasimama mlangoni na utaalamu wangu wote, natafuta mahali pa kushika. Natazama pazia, natazama meza, natazama ukuta. Hakuna kinachotikisika. Na kope zake hazichezi.